Mifupa Mizito Inayovunjika: Kisa cha Mtoto Aliyekosa Kathepsini K

Kisa hiki, cha mtoto aliyezaliwa bila kathepsini K, kimeng'enya kinachosaidia kubomoa mfupa mkuukuu, kinatoka katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya Nairobi. Wazazi wameridhia kisimuliwe. Umri, nyakati na mambo ya nyumbani yanayoweza kumtambulisha mtoto yamebadilishwa au kuondolewa.

Mtoto na nyumbani kwake

Binti huyu ni mtoto wa pili. Alizaliwa salama, uzito wa kawaida, akanyonya vizuri. Familia inaishi mashariki mwa Nairobi, katika ploti mojawapo ya zile za ghorofa saba zilizobanana hata mtu aliye dirishani anaweza kumpokeza jirani wa jengo la pili chumvi. Jua huingia kibarazani kwa muda wa saa moja hivi, kisha linapotea. Baba ni fundi wa nondo mjengoni. Mama anauza mboga chini ya ploti hiyo hiyo. Babu zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo hakuna daktari aliyewauliza kwa karibu miaka minne.

Nyumbani waliona mambo mapema kuliko sisi. Mama aligundua kwamba utosi wa mtoto ulikuwa bado unabonyea alipotimiza miaka miwili, ilhali wa kaka yake ulifunga kabla ya hapo. Nyanya yake alisema vidole vya mjukuu wake ni vya mtu aliyefua nguo siku nzima: vifupi, ngozi ya juu imejikunja, kucha pana na bapa. Alikuwa mdogo kwa umri wake, lakini akicheka na kuongea kuliko wenzake. Yote hayo mama aliyasema kliniki. Yaliandikwa, ila kila moja liliandikwa kwenye ukurasa wake.

Mivunjiko mitatu, majibu matatu

Alivunjika mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na miezi minne. Alianguka kutoka kitandani, kimo kisichofika goti la mtu mzima, akavunjika mfupa wa paja. Aliwekwa plasta. Aliyemwona siku hiyo aliandika kwamba utosi uko wazi, paji la uso limejitokeza, mtoto ni mfupi, haoti jua. Basi ana matege, yaani ugonjwa wa mifupa laini unaoletwa na ukosefu wa vitamini D. Akapewa vitamini D na kalisi bila kipimo chochote cha damu. Aliyeandika hivyo ni mimi. Nilikuwa nimeona watoto sita wenye matege ya kweli mwezi huo, wote wa mitaa ya namna hiyo, na huyu nikamhesabu wa saba.

Mara ya pili alikuwa na miaka minne. Alikuwa akikimbia na wenzake koridoni, akasimama ghafla akilia, muundi umevunjika katikati. Hakuanguka. Alipelekwa kituo kingine kilicho karibu zaidi na nyumbani, na huko walisoma historia: mivunjiko miwili mikubwa, maelezo mepesi, mama ambaye maneno yake hayakulingana na uzito wa jeraha. Walimwita afisa wa watoto. Mama akahojiwa mara tatu. Ikaamuliwa mtoto akae kwa shangazi yake, ng'ambo ya mji, hadi uchunguzi ukamilike. Alikaa huko majuma 11.

Mama alinieleza siku zile kwa maneno ambayo sijayasahau. "Daktari, mimi nilikuwa namwogesha kama yai. Wakaniuliza nilimpiga na nini."

Katika juma la nane, akiwa kwa shangazi, akavunjika mtulinga alipokuwa akivaa sweta. Hapo ndipo dhana ya kwanza ilipaswa kuanguka. Badala yake shangazi naye akaanza kuhojiwa. Afisa wa watoto, na namshukuru kwa hilo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika swali lililostahili kuulizwa na daktari: je, mifupa ya mtoto huyu iko sawa? Barua yake ilifika kliniki ikakaa kwenye trei. Mtoto alirudishwa kwa mama bila faili kufungwa, na kila aliyelifungua baadaye alikuta neno "shaka" limepigiwa mstari.

Jino

Kilichomleta wodini hatimaye ni jino. Alipofika miaka sita, meno ya ukubwani yalianza kuchomoza nyuma ya yale ya utotoni, ambayo hayakutaka kulegea. Mdomoni mkawa na safu mbili. Moja likaoza, akang'olewa kwenye kliniki ya mtaani. Kidonda hakikufunga. Majuma matatu baadaye taya la chini lilikuwa limevimba, homa imepanda, na usaha ulikuwa unatoka chini ya kidevu.

Tuliagiza eksirei ya taya. Mpiga eksirei alirudi nayo mkononi badala ya kuituma. Alisema amepiga mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi, na bado mfupa unatoka mweupe pe. Akaongeza kwamba kona ya taya haipo: pale ambapo mfupa hupinda nyuma ya shavu kuelekea sikioni, wa mtoto huyu ulikuwa umenyooka karibu kama rula. Sentensi hizo mbili zilituvusha mbali kuliko maandishi yote ya faili.

Tulipiga mwili mzima siku iliyofuata. Mifupa yote ilikuwa mizito, yaani myeupe kupita kiasi. Mishono ya fuvu ilikuwa wazi, na utosi nao. Ncha za mifupa ya vidole zilikuwa zimelika, kana kwamba mtu amezipiga tupa. Njia ya uboho ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliondoa neno matege. Katika matege mfupa hukosa madini, hivyo kwenye eksirei huonekana hafifu, ncha zake zimepanuka na kuchakaa kama ufagio wa kale, na alkalini fosfatesi, kimeng'enya cha seli zinazojenga mfupa, hupanda kwenye damu. Huyu mifupa yake ilikuwa na madini tele. Kalisi, fosfeti na alkalini fosfatesi zote zilikuwa kawaida. Vitamini D yake ilikuwa chini kidogo, kama ya watoto wengi wa mtaa ule, na hapo ndipo penye mtego: ukipima vitamini D peke yake unaweza kupata jibu la kweli ambalo si jibu la swali lako.

Mwenzetu mmoja alipendekeza osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa mifupa dhaifu ya kurithi, akataka tuanze dawa za jamii ya bisfosfoneti. Pendekezo halikuwa la kipuuzi. Weupe wa macho ya mtoto ulikuwa na rangi ya samawati kwa mbali, na mivunjiko ilikuwa mitatu. Lakini bisfosfoneti hufanya kazi kwa kuzilemaza osteoklasti, yaani seli zinazobomoa mfupa mkuukuu. Mfupa uliokuwa mbele yetu ulikuwa tayari haubomolewi. Kumpa dawa hiyo kungekuwa kumfungia mlango aliyekwisha kufungiwa. Tuliandika kwa wino mwekundu kwenye jalada: asipewe bisfosfoneti.

Kisha tulilinganisha na osteopetrosisi, ambayo nayo hufanya mifupa iwe mizito. Katika aina zake kali uboho husongwa hadi mtoto anakosa damu, wengu unavimba na mishipa ya macho inabanwa. Binti huyu himoglobini yake ilikuwa 11.4, wengu haushikiki, macho yanaona vizuri. Na osteopetrosisi haiwaachi watu na utosi wazi, taya lililonyooka na ncha za vidole zilizolika. Vitu hivyo vitatu pamoja na mifupa mizito na ufupi vina jina moja: piknodisostosisi, ugonjwa ulioelezwa na madaktari wawili wa Ufaransa, Maroteaux na Lamy, mwaka 1962. Ni nadra sana, yapata mtu mmoja au wawili katika kila milioni.

Swali gumu likawa la kipimo cha jeni. Hapa nchini hatukuweza kukipata, ilibidi sampuli ipelekwe India. Wapo waliosema picha inatosha, kwa kuwa hakuna tiba ya kubadilisha jeni hata tukilijua. Mimi nilisimama upande wa kupima kwa sababu moja: faili la afisa wa watoto. Mama alihitaji karatasi isiyoweza kubishaniwa. Chama cha wanawake wa sokoni na mafundi wenzake baba walichanga, na baada ya majuma saba jibu lilirudi. Nakala zote mbili za jeni la CTSK, lenye maelekezo ya kutengeneza kathepsini K na lililo kwenye kromosomu ya kwanza, zilikuwa na kasoro ile ile. Moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama.

Upande wa taya tulikubaliana kufanya kidogo. Mfupa wa namna hii una mishipa michache na huponea polepole; ukichimba sana unapanua kidonda. Mpasuaji aliondoa kipande kilichokufa tu, na mtoto akapewa antibiotiki kwa majuma sita. Kabla ya hapo mtaalamu wa nusukaputi alikuwa amekaa naye nusu saa nzima, akimtazama kooni. Taya dogo na koo jembamba vingeweza kumnyima pumzi akishalazwa usingizi, kwa hiyo vifaa vya njia ngumu ya hewa viliandaliwa mapema na daktari wa pili akasimama tayari. Vilihitajika.

Kimeng'enya kinachokosekana

Karibu kila seli ya mwili ina vifuko vidogo vya kuvunjavunja vitu vilivyochakaa, viitwavyo lisosomu. Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, ndiye aliyevitambua mwaka 1955, na mwaka 1974 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ndani yake kuna asidi, na ndani ya asidi hiyo kuna vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake. Vile vinavyokata protini vingi vinaitwa kathepsini, vikitofautishwa kwa herufi. Hutengenezwa vikiwa vimefumbwa mdomo ili visiile seli yenyewe njiani. Asidi ndiyo inayovifumbua.

Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa watupa taka tu, wote wakifanya kazi moja, mmoja akikosekana wenzake wanamshikia zamu. Watoto wachache waliozaliwa bila kimojawapo ndio waliotufundisha vingine. Anayekosa kathepsini C ngozi ya viganja na nyayo zake huwa nene, na ufizi huoza hadi meno ya utotoni yanang'oka mapema. Anayekosa kabisa kathepsini D huharibika ubongo tangu kuzaliwa. Na anayekosa kathepsini K hupata kilichompata binti yetu, jambo lililothibitishwa mwaka 1996 na kikundi cha Bruce Gelb na Robert Desnick wa chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York.

Kwa nini mfupa? Kwa sababu osteoklasti hufanya jambo la ajabu. Haimezi mfupa, hujibandika juu yake, ikaziba kingo zote, kisha ikamimina yaliyomo ndani ya lisosomu zake nje, kwenye kijishimo kilichobaki kati yake na mfupa. Kijishimo hicho kinageuka kuwa lisosomu iliyo nje ya seli. Asidi huyeyusha madini. Inabaki kolajeni, protini ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani, ambayo vimeng'enya vingi haviwezi kuikata. Kathepsini K huikata, tena mahali pengi.

Nilikuwa nikijitahidi kuwaeleza wazazi hayo kwa mchoro, baba akanikatiza. "Ni kama kubomoa slabu, daktari? Zege linatolewa, nondo zinabaki?"

Sijawahi kusikia maelezo bora. Zege ni madini, nondo ni kolajeni, na kathepsini K ndiye mwenye mkasi wa nondo. Asipokuja, zege hulegezwa juu juu, nondo zinabaki zimesimama, na kazi ya kubomoa inakwama hapo. Wajenzi nao hawana pa kujenga upya. Mfupa wa mtoto mwenye afya hubomolewa na kujengwa kila siku. Nyufa ndogo ndogo za kuruka na kukimbia huzibwa kabla hazijakutana. Wa binti huyu umejaa slabu za zamani zenye nyufa ambazo hakuna aliyezigusa. Ndiyo maana ni mzito, na ndiyo maana unakatika kama chaki mtu akivaa sweta.

Kampuni ya Merck iliwahi kutengeneza dawa ya kuzuia kathepsini K, odanakatibu, kwa ajili ya wanawake wazee ambao mifupa yao inaisha. Katika jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 16,000, mivunjiko ilipungua. Kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 2016 kwa kuwa hatari ya kiharusi ilionekana kuongezeka. Hapo pana la kutafakari: kimeng'enya kile kile, kikipunguzwa kwa mtu mzima mfupa unaimarika, kikikosekana tangu tumboni mfupa unakatika. Kupunguza kasi ya kubomoa si sawa na kufukuza wabomoaji.

Matokeo hadi sasa

Barua yetu, ikiwa na jibu la maabara, ilipelekwa kwa afisa wa watoto, na faili likafungwa rasmi. Mama aliomba nakala mbili. Moja aliipeleka kwa shangazi.

Kitabibu, hali ni ya kuchanganya. Miezi 14 baada ya upasuaji taya halina homa wala uvimbe, lakini tundu dogo chini ya kidevu bado hutoa majimaji mara kwa mara, na sina hakika litafunga. Amevunjika mara moja tena, ufa mwembamba wa muundi uliochukua miezi mitano kuungana ndani ya plasta. Madaktari wa mifupa walifikiria chuma cha ndani wakaacha, kwa kuwa njia ya uboho ni nyembamba na mfupa hupasuka ukitobolewa. Ana miaka saba na sentimita 98, kimo cha mtoto wa miaka mitatu na nusu. Watu wazima wenye hali hii kwa kawaida hawafiki sentimita 150, na wazazi wamelijua hilo waziwazi. Hukoroma usiku, anafuatiliwa pumzi zake za usingizini. Akili yake ni timamu kabisa, na darasani ni wa tatu.

Shule ilihamishia darasa lake chini ili asipande ngazi. Hatuzuii mchezo wote. Anaogelea, anaimba, hachezi kati. Jino lolote likitakiwa kung'olewa, daktari wa meno hutupigia simu kwanza.

Kaka yake alikaguliwa: mrefu, taya lenye kona. Wazazi walielezwa kwamba kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Baba mmoja wa ukoo alisema ndoa ya ndugu ndiyo iliyoleta laana. Tulikaa naye. Jeni hili linaweza kukutana kwa wazazi wasiojuana kabisa. Undugu huongeza uwezekano tu, na mama huyu alikuwa amebebeshwa lawama za kutosha.

Palipofaulu, palipokosea

Kosa langu la kwanza halikuwa kufikiria matege. Nairobi iko karibu na ikweta, lakini jua haliwafikii watoto wa ploti zile, na asiyefikiria matege hapa atawakosa wengi. Kosa lilikuwa kulichukua neno hilo kama mahali pa kupumzika. Kipimo cha damu na kutazama weupe wa eksirei ile ile ya paja vingelikataa siku hiyo hiyo. Baadaye niliitafuta eksirei hiyo. Ilikuwa nyeupe. Mimi nilitazama mahali palipovunjika tu.

Kuhusu shaka ya kupigwa, nasema bila kusita: kituo kile kilifanya vyema kuiuliza. Wapo watoto wanaovunjwa kweli, na anayeogopa kuuliza huwaacha huko. Walipokosea ni kuiuliza nusu. Mtoto mdogo anayeshukiwa kupigwa, hasa wa chini ya miaka miwili na hata mkubwa kidogo inapobidi, hupigwa eksirei za mwili mzima, ili kutafuta mivunjiko ya zamani. Wao walipiga mguu mmoja. Eksirei za mwili mzima zingeonyesha fuvu lililo wazi, taya lililonyooka na vidole vilivyolika miaka miwili kabla ya jino kuoza, na mama asingetengwa na mwanawe majuma 11. Uchunguzi kamili ungemlinda mtoto wa aina yoyote kati ya hao wawili.

Jino lenyewe halikuwa la kuepukika moja kwa moja. Hata tungejua, huenda lingeng'olewa. Lakini lingeng'olewa kwa antibiotiki, kwa mpasuaji anayeujua mfupa ule, na kidonda kingeshonwa.

Kilichofaulu kilikuja kwa watu ambao hatukuwa tumewapa nafasi ya kusema: nyanya na vidole vyake, afisa wa watoto na barua yake, mpiga eksirei aliyetembea na picha mkononi. Sasa wodini kwetu fomu ya eksirei ina mstari wa mpiga picha kuandika alichoona kisicho cha kawaida, hata kama hakuulizwa. Na kila mtoto anayevunjika mara ya pili hupigwa kiganja na taya pamoja na mahali palipovunjika, na wazazi wake huulizwa kama wana undugu.

Faili la kwanza bado lipo. Kwenye ukurasa wa tatu kuna maandishi yangu: utosi wazi, matege, vitamini D, arudi baada ya miezi mitatu. Sikuyafuta. Chini yake nimeandika jina la ugonjwa, tarehe, na sahihi yangu.